Pisa ya Kibirichia

Kiunga alikuwa fundi wa mawe, na kule Kibirichia ukisema "fundi" bila kutaja jina, watu walijua ni yeye unayemtafuta. Tangi la maji la shule ya msingi lilikuwa kazi ya mkono wake. Nyumba ya mwenye duka la mbolea pia, na majiko ya nyuma ya karibu kila boma la upande ule wa barabara. Ufundi aliusomea Embu akiwa kijana, kwa mzee mmoja wa Manyatta aitwaye Njue, mtu mkali aliyekuwa akibomoa ukuta wa mwanafunzi kwa teke akiona kona imepinda. Kiunga aliporudi Meru alioa Kathambi, wakamzaa Kinya na wadogo zake, na maisha yakaendelea: viazi msimu wa viazi, mawe wakati wa jua.

Kitu ambacho hakuwahi kujenga ni kitu kirefu. Kibirichia nani ataka kirefu? Watu wanataka paa lisilovuja, basi.

Kisha akaja Pasta Muchangi. Alihamishwa kutoka upande wa Embu, na katika ofisi yake ndogo kanisani alitundika kalenda ya zamani yenye majengo mashuhuri ya dunia. Piramidi za Misri zilikuwapo, na ukuta wa Wachina, na lile kaburi jeupe la India, na mnara wa chuma wa Paris. Siku moja alimwita Kiunga, akafungua kalenda kwenye ukurasa wa mnara wa saa wa London.

"Fundi, kengele yetu inaning'inia kwa mti kama kibuyu," alisema. "Hatuwezi jenga kadogo kama haka? Hata kama hakatakuwa na saa."

Kiunga aliushika ule ukurasa akautazama mpaka pasta akaanza kucheka. Akauliza kama anaweza kwenda nao nyumbani.

Alijenga kwa mawe ya kuchonga, yeye na vijana wa kanisa, kila walipopata nafasi kati ya kupanda na kuvuna. Msingi aliuchimba mwenyewe. Alishuka mpaka mtaimbo ukagonga pagumu na kulia kama chuma kimekutana na chuma, pande zote nne, ndipo akapanda. Mnara ulipokwisha, mtu aliyekuwa shambani ng'ambo ya bonde aliuona akiinua tu kichwa. Jioni Kiunga alitoa kiti nje akakaa mkao wa kuutazama, na Kathambi akawa anamcheka. "Huyo amepata bibi mwingine," aliwaambia majirani. "Mrefu kuliko mimi."

Halafu ikaja ile mvua kubwa, ile iliyobeba madaraja nchi nzima. Kibirichia viazi vilioza ardhini, na bondeni chini ya kanisa ikatoka chemchemi mahali ambapo hakuna aliyewahi kuona maji. Wiki hizo Kathambi alikuwa akitoka shambani, gunia kichwani kama kofia ya mvua, akasimama mlangoni.

"Baba Kinya, mbona mnara wako unaangalia kwa Nkirote?"

Nkirote alikuwa mjane mzee aliyeishi nyuma ya kanisa. Kiunga alichukua timazi yake akapanda juu, akaiteremsha kwa uzi. Kile chuma kilipotulia, kilikuwa mbali na ukuta. Alifikiri ni upepo, akangoja. Hakukuwa na upepo.

Yeye na vijana wakaegemeza miti ya mikaratusi, mirefu kabisa waliyoweza kupata, wakaikita kwa mawe. Mvua ikanyesha tena, na miti yenyewe ikaanza kuzama. Kiunga alikwenda pale asubuhi, akaenda mchana, akaenda jioni. Alizunguka mnara akiupapasa kwa kiganja kama mtu anayetafuta homa kwa mtoto. Hakuona ufa hata mmoja. Kuta zilikuwa zimeshikana, zote pamoja, zikienda.

Nkirote alimkuta huko siku moja, akaegemea fimbo yake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Kiunga.

"Mwanangu, huu utaanguka usiku ama mchana? Nataka kujua tu nikae wapi."

"Mama, sijui."

"Wewe ndiye uliujenga."

"Ndiyo. Lakini sijui."

Kathambi ndiye aliyekwenda kumchukua. Wakamtandikia kitanda chumba cha watoto waliokwisha kuondoka, na kila asubuhi Nkirote akawa anateremka kwake kufungulia kuku, mkono mmoja kichwani, kana kwamba mkono ungemkinga.

Picha ya kwanza ilipigwa na kijana wa bodaboda. Ikaingia kwenye simu, na kabla mvua haijakatika jina lilikuwa limeshashika: Pisa ya Kibirichia. Jumapili mchana magari yakaanza kupanda kutoka Meru mjini. Walikuja vijana wenye miwani ya jua, wakaja wachumba, wakaja wanafunzi wa chuo. Wote walipiga picha moja: mtu mmoja anasimama mbali, anainua viganja, na kwa simu anaonekana ameuzuia mnara usianguke. Mama mmoja wa Gakoromone akaanza kuleta mahindi ya kuchemsha. Pasta Muchangi, ambaye mwanzoni hakulala kwa aibu, sasa aliwasalimu wageni langoni na kuwakaribisha ibada.

"Tulitaka ule wa London, Mungu akatupa wa Italia," aliwaambia, na wao wakacheka sana.

Kiunga hakucheka. Mwalimu aliyekuwa amempa kazi ya nyumba yake alisema atangoja kidogo. Mwenye duka la mbolea alianza kutazama kona za nyumba yake kwa jicho la pembeni. Sokoni watu wakamwita Fundi wa Pisa, bila ubaya, kama vile mtu anavyoitwa kwa kabila la mama yake. Angewaambia nini? Kwamba mtaimbo ulilia? Nani aliusikia isipokuwa yeye?

Jumapili moja alikuwa amesimama kando ya ua wa kanisa, msichana mmoja akamjia na simu.

"Mzee, samahani, unaweza tupiga picha? Mimi na huyu." Huyu alikuwa mvulana mwenye koti jekundu. Hawakumjua.

Kiunga akaichukua simu. Wakakimbia wakasimama kwenye nyasi, wakainua mikono.

"Tumeshika?" msichana alipaza sauti.

Kwenye kioo viganja vyao vilikuwa hewani, mbali na jiwe. "Sogea huku kidogo," Kiunga akasema. "Kidogo tena. Kijana, mkono juu." Wakasogea, na mara mikono ikagusa ukuta. Pale kwenye kile kioo kidogo mnara ulikuwa umeshikwa, umetulia, hauendi popote. Alibonyeza. Kisha akabaki akitazama, mpaka msichana akaja akaitoa simu mkononi mwake polepole.

"Asante, mzee. Uko sawa?"

"Niko sawa."

Kiangazi kilipoingia, alikuja injinia kijana aliyetumwa na kaunti kuukagua mnara, jina lake Wanja, mwenye viatu vizito na adabu nyingi. Alipima siku nzima. Jioni akaketi na Kiunga kwenye ngazi za kanisa, akamwambia kwamba maji yamebadilisha njia chini ya kilima, na hakuna mtu angeweza kuyaona kutoka juu. Mnara lazima ushushwe kabla ya mvua za Oktoba.

"Lakini ule wa Italia haujashushwa," Kiunga akasema.

Wanja akamweleza kwa moyo mwema. Huko walitoa udongo polepole chini ya upande ulioinuka, na mnara ukarudi nyuma kidogo, ukatulia. Alimwonyesha mchoro kwenye simu. Afadhali asingeonyesha. Kiunga hakulala usiku ule, na asubuhi alipanda gari akaenda Embu kwa mwalimu wake.

Mzee Njue alikuwa ameketi juani mbele ya nyumba yake Manyatta, upande mmoja wa mwili umelegea, blanketi magotini. Kiunga alimsalimu kwa mikono miwili, akachuchumaa, akamchorea yote kwa kijiti mavumbini: mnara, kilima, chemchemi, mahali pa kutoa udongo.

"Nikichimba pole pole upande wa juu, Mwalimu? Kijiko kwa kijiko?"

Mzee alitazama mchoro muda mrefu. Maneno yake yalitoka kwa shida.

"Hao walikuwa na mashine. Na miaka. Wewe uko na nini?"

"Jembe."

"Basi wacha." Akanyoosha mkono ulio mzima, akamshika Kiunga begani, na hakuuondoa mpaka chai ikaletwa. Teke angelivumilia vizuri zaidi.

Kiunga aliomba jambo moja tu: aushushe yeye mwenyewe, jiwe kwa jiwe, kuanzia juu. Wanja alikataa. Hawezi kuruhusu mtu apande pale. Siku ilipofika waliletewa tingatinga lenye mkono mrefu, utepe wa njano ukazungushwa, na fundi akasimama nyuma ya utepe pamoja na watu wengine, miongoni mwa simu zilizoinuliwa. Lile tingatinga lilisukuma, likarudi, likasukuma. Kisha mnara ukavunjika katikati, ukalala juu ya uwanja kwa kishindo ambacho kilifika tumboni. Watu walipiga makelele. Vumbi likawafunika wote, na Kiunga akajikuta ameinua mikono yake miwili mbele ya kifua, viganja wazi. Akaishusha.

Kengele ilirudishwa kwenye mti. Nkirote alirudi kwake na kuku wake. Wageni wa Jumapili waliacha kuja, na yule mama wa mahindi naye akaacha.

Pasta alitangaza kwamba mwenye haja ya mawe achukue bure. Watu wakaja na mikokoteni. Mwingine aliyataka kwa zizi la nguruwe, mwingine kwa choo, na mwalimu yule akabeba ya msingi wa nyumba ambayo sasa ingejengwa na fundi kutoka Timau.

"Na sisi?" Kathambi aliuliza. "Sakafu ya jiko letu ni matope tupu."

"Sitaki jiwe lile kwangu."

Kathambi alitoa wilbaro, akaenda peke yake, mvua za Oktoba zikiwa zimeshaanza. Kiunga alimwona kutoka mlangoni akirudi, ameijaza kupita kiasi, akipanda ile njia ya boma yenye utelezi, anasukuma hatua mbili anarudishwa moja. Alisimama akamtazama. Alitaka kumkataza. Gurudumu likazama kwenye tope, wilbaro ikaanza kuinama upande.

Akateremka, akashika mpini mmoja, na wakasukuma pamoja mpaka juu.