Kumi na Kimoja Vilikuwa Tayari

Verlin Stukey hakuwa mtu mbaya, na atakayesema hivyo mbele yangu tutagombana. Alikuwa mbishi tu. Miaka kumi na tisa tulikaa meza moja katika ofisi ya kaunti, hapa Kansas, tukiandika programu za kompyuta, na kila mchana alikula sandwichi ileile ya mayai, kisha akafuta makombo kwa kiganja. Hakuoa. Alikuwa na dada yake mkubwa, Opal, aliyekaa magharibi mwa mji kwenye nyumba ya magurudumu, nyonga mbovu, anatembea kwa mkongojo.

Programu aliyojivunia ni ile ya ving'ora vya kimbunga. Mji una ving'ora kumi na viwili. Kimbunga kikionekana, kompyuta inaviuliza vyote kwa mpigo mmoja: uko tayari? Kila kimoja kinajibu kwa wakati wake. Ila Verlin aliiamuru kompyuta isubiri majibu yote ndipo ipige, mji mzima usikie kwa pamoja.

"Na kimoja kikinyamaza?" nilimuuliza.

"Kitaulizwa tena. Kikizidi kunyamaza, baada ya dakika tano tunaendelea bila hicho."

"Dakika tano! Verlin, una wazimu? Vilivyojibu vilie, hicho bubu kitatukuta mbele."

"Lavonne bibi wee, kwako kila kitu mbio. Vikilia ovyo ovyo watu watadhani ni mchezo."

"Haya, bwana ving'ora."

Nikamwacha. Nilichoka kubishana naye, na hilo sijisamehe mpaka leo.

Kutoka kwa Opal hadi handaki la jirani, la kujificha kimbunga, ni dakika tatu kwa mwendo wake. Verlin alipima mwenyewe kwa saa ya mkononi, nami nilikuwepo, nakula pai ya Opal.

"Dada, usihangaike na kila wingu," alimwambia. "Wewe ngoja king'ora changu."

"Nangoja, mdogo wangu. Kikichelewa nakuja kukutandika na mkongojo huu."

Tulicheka wote watatu.

Alhamisi moja ya Mei, saa tisa alasiri, kimbunga kikatokea magharibi. Kabla hakijaingia mjini kiliangusha king'ora kimoja, kile cha kwenye maghala ya ngano. Sisi tuko mbele ya kompyuta. Kumi na kimoja vikajibu papo hapo. Cha kumi na mbili, kimya.

"Piga, Verlin! Piga kwa mkono!"

"Haisikii! Inasubiri, haipokei amri nyingine!" Akabonyeza kila kitufe. "Mungu wangu, sikuiachia njia."

Akampigia Opal simu. Haikushika, waya za upande ule zilishakatika. Akapiga tena na tena, huku mimi nikitazama dakika zikihesabika kwenye kioo. Tano nzima. Ndipo ving'ora kumi na kimoja vikalia, vyote kwa pamoja, kama alivyotaka.

Opal tulimkuta njiani, chini ya mabati, mkongojo mkononi, viatu amevifunga vizuri. Alikuwa ametoka king'ora kilipolia. Kutoka pale hadi mlango wa handaki nilihesabu hatua kumi na nne, na ningependa kuzisahau.

Kesho yake Verlin alirekebisha programu. Mstari mmoja tu! Kinachojibu kinalia, kisichojibu kinaachwa. Hakuna aliyemlaumu. Ripoti ilisema king'ora kiliangushwa na upepo, basi.

Jumatano ya kwanza ya Juni, saa sita mchana, tukafanya majaribio kama kila mwezi. Vikaanza kulia mara moja, bila kusubiriana. Verlin alisimama dirishani, sandwichi haijaguswa, anatazama saa yake ya mkononi. Dakika ya tatu ilipotimia vikanyamaza.

"Sasa," akasema, "Opal ameshafunga mlango wa handaki."

Akarudi mezani, akafuta makombo ambayo hayakuwepo.