Harufu ya Maji Moto

Nikipasua yai viza jikoni, namkumbuka katibu wa kijiji chetu. Alitupakia kwenye lori la pamba kutoka Bariadi, eti zawadi ya mavuno, akatupeleka hifadhini kuona chemchemi inayochemka. Ilinuka hivi hivi. Yeye alijisifu kama vile ameichemsha mwenyewe. Msimu ule ule alikuwa ameezua paa la bibi yangu ili kumlazimisha ahamie kijiji kipya, nyumba zikiwa zimepangwa mistari.

Wakati wa kurudi tukakuta nyumbu wametapakaa, kila mmoja alipopenda.

“Katibu,” bibi akauliza kwa upole, “hawa utawahamisha lini?”

“Hawa hawaguswi, bibi. Ni mali ya taifa.”

Bibi akatema mate nje ya lori.

“Afadhali ningezaliwa nyumbu.”