Ndege wa Shamba la Jirani

Ilikuwa mwaka wa mafuriko ya Mto Kiwira. Hapana, mwaka ule mpunga uliondoka na maji, ndege wangekula nini? Basi ilikuwa mwaka uliofuata, mwezi wa tano, mpunga umeinamisha vichwa.

Pale Ipyana mzee Ambilikile alijulikana kwa jambo moja: ndege hatui shambani kwake. Tangu ujana alikuwa bingwa wa kuamia, yaani kufukuza ndege wasile mazao. Akipanda dungu, kile kichanja cha mlinzi, na kombeo lake, ndege kwelea hupita juu kwa juu kama waliosomewa tangazo. Sifa hiyo aliipenda kuliko koti lake la kanisani.

Ndipo akaja Beatrice, binti wa mjini Kyela anayejitolea kuhesabu ndege.

"Mugonile, tata," akamwamkia kama baba yake, goti chini. "Jumamosi watu dunia nzima wanahesabu ndege. Wewe ukae tu dunguni, kimya, uhesabu wanaotua."

"Wanaotua wapi?"

"Hapa kwako."

Mzee akatazama huku na huku, asije mtu akasikia. Lakini binti amepiga goti, utamkataliaje? Tena jirani yake, Jubilate, alikwisha kubali.

Jumamosi akapanda. Kombeo akalikalia, lisimshawishi. Kwelea wakaja, wakazunguka, wakaushangaa ukimya ule, wakatua. Mzee akaanza: mmoja, wawili... Masuke yakatikisika. Akauma midomo. Mara akajikuta amesimama, kombeo linavuma.

"Hoyoo! Tokeni, wezi!"

Kundi likaruka, likatua kwa Jubilate. Sasa mzee akahesabu kwa raha zake, akaandika, maana hao walikuwa ndege wa Jubilate. Jubilate naye alivumilia kidogo, uzalendo ukamshinda, akapiga debe. Kundi likarudi. Asubuhi nzima wakarushiana kundi lile lile, kila mmoja akiwahesabu wakishafika kwa mwenzake.

Beatrice alipokuja kujumlisha, macho yakamtoka. "Tata, hawa wote ni wa wapi?"

"Wa Jubilate. Kwangu hajatua hata mmoja, andika hivyo."

"Mzee mzima unadanganya!" Jubilate akapaza sauti kutoka kwenye tuta. "Kwangu walikuwa wanafika wameshiba!"

Mama Prisca, mkewe Ambilikile, aliingia kwenye majaruba yao ya mpunga, akarudi na suke tupu mkononi.

"Mume wangu, huyo ambaye hakutua amekula vizuri."

Wapita njia wakashika mbavu. Mpaka jioni jina la bingwa lilikuwa limekwisha. Wakamwita Karani wa Kwelea, na ndilo aliloitwa mpaka kanisani.

Beatrice akamwonea huruma. "Tata, mwakani ujikaze. Ukae kimya kabisa, kama wenzako wa nchi nyingine."

"Ndaga, mwanangu," akashukuru taratibu, halafu akamuuliza neno moja. Binti akacheka, akapanda bodaboda. Mzee akamuuliza bwana shamba, naye akacheka. Mchungaji alisema atalifikiria.

Neno lenyewe ndilo hili: "Hao wenzangu, wakikaa kimya kuhesabu, mpunga wao anauamia nani?"