Funga Mlango, Unaingiza Joto

Habari za kifo chake zilinifikia Jumanne asubuhi, kupitia kundi la simu la sisi tuliowahi kufanya kazi Doha. Aliyezileta aliweka picha mbili: moja ya marehemu akiwa na sare yake ya usimamizi, nyingine ya sanduku lake la kioo lenye maua ya okidi. Kufikia saa sita mchana pole zilikuwa zimejaa, na karibu kila mtu alilitaja lile sanduku. Mmoja aliandika kwamba mwenye mkono mpole kwa ua hawezi kuwa na moyo mgumu kwa mtu. Kisha nikaombwa, kwa kuwa kuandika ndiyo kazi yangu, nitunge wasifu wa kusomwa kanisani. Nilikataa. Kawaida yetu marehemu hasemwi, na wasomaji wa safu hii wanajua kwamba nimeiheshimu kawaida hiyo hata kwa watu wasioistahili. Leo naivunja, kwa sababu ile sentensi ya mkono mpole si kweli, na mimi nilikuwapo.

Nilimfahamu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Yeye alikuwa msimamizi wa walinzi katika kampuni ambayo sitaitaja, mimi nilikuwa karani wa kupiga chapa ratiba za zamu. Tuliishi nyumba moja katika mtaa wa Abu Hamour: walinzi wanane kwa chumba, makarani wawili kwa chumba, yeye peke yake katika chake. Alikuwa Mkenya kama mimi, kutoka nchi ya mashamba ya chai. Zamani aliwahi kuwa mlinzi wa geti, na mhandisi mmoja Mzungu, ambaye yeye ndiye alikuwa akimlindia nyumba, alipomaliza mkataba alimwachia tangi la kioo la kufugia samaki na okidi tano, kila moja ndogo kiasi cha kukaa kwenye kijiko. Maelezo hakumwachia. Basi akafanya ambavyo yeyote aliyekulia shambani angefanya: alijaza udongo mweusi, akachimba vishimo, akazipandikiza kama miche ya sukuma wiki na kuzimwagilia asubuhi na jioni. Baada ya majuma matatu, nne zilikuwa zimeoza mizizi.

"Kumbe hizi hazitaki shamba," aliniambia huku akiinusa mizizi ile. "Zinataka kuning'inia tu kwenye mti, bila kazi, kama wewe hapo ofisini."

Nitamtendea haki: alijifunza. Alisoma kwenye mtandao mpaka akajua, akaagiza nyingine, akaanza upya. Chini ya tangi aliweka kokoto nyepesi za udongo wa kuchoma ili maji yanayozidi yashuke huko, juu yake wavu wa plastiki, juu ya wavu ule uoto laini wa kijani unaomea kwenye mawe yenye unyevu. Nyuma alisimamisha vipande vya magome ya mti, na okidi akazifunga kwenye magome hayo kwa uzi wa nailoni, mizizi ikiwa nje, hewani. Pembeni aliweka kipimajoto na feni ndogo aliyoing'oa kwenye kompyuta mbovu ya ofisi. Maji ya bomba yalikuwa yakiacha madoa meupe kwenye majani, kwa hiyo alitega jerikeni nje chini ya bomba la kiyoyozi, akawa anakusanya yale matone safi na kuyanyunyiza kwa kopo la dawa ya vioo alilolisafisha mara nyingi. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi kwa uangalifu ule. Kiyoyozi chake hakikuzimwa usiku wala mchana. Vya walinzi alivizima kwenye swichi kuu kila zamu ilipoondoka, ili mashine zisichoke, na watu walirudi kutoka juani wakaingia kwenye tanuri.

Kulikuwa na mlinzi mmoja Mganda, kijana wa Mbale, mrefu, mpole, aliyetumwa geti la mradi mmoja Lusail wakati Lusail ilikuwa bado mchanga na kreni. Katika saa kali za mchana wa kiangazi wajenzi walipumzishwa kwa amri ya serikali. Mlinzi alibaki, kwa sababu geti, marehemu alipenda kusema, halipumziki. Choo kilikuwa mbali na haikuruhusiwa kuacha geti, kwa hiyo walinzi wa pale walijizoeza kutokunywa maji. Hiyo ndiyo mbinu waliyorithishana, mzoefu akimfundisha mgeni kama siri ya kazi.

Ijumaa moja, siku ya mapumziko, nilikuwa chumbani kwa marehemu nikimsaidia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi, kibano mkononi, akiifunga okidi mpya kwenye gome. Mimi nilikuwa nimeushikilia uzi. Mlango ukafunguliwa nyuma yetu.

"Afande," sauti ikasema. "Samahani kwa kukusumbua."

"Funga mlango, unaingiza joto."

Mlango ukafungwa. "Afande, mimi naomba unibadilishie geti. Hata mwezi moja tu. Uniweke ndani, kwa lobi. Mkojo yangu inatoka kama chai ya rangi."

"Kunywa maji."

"Nakunywa sasa, afande. Bado inauma, hapa mgongoni."

"Kila mtu anataka lobi. Leta karatasi ya daktari."

"Daktari anataka kadi ya afya. Kadi yangu bado iko ofisini kwenu."

"Basi ikitoka, uje. Khalasi."

Mlango ukafunguliwa, ukafungwa tena, safari hii polepole. Marehemu hakuwa amegeuza kichwa. Akaniambia, kwa sauti laini ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kwa binadamu: "Shika hapo, lakini usikaze. Mzizi huu ukivunjika, haurudi."

Jumamosi nilipiga chapa ratiba ya juma. Kijana wa Mbale: Lusail, geti la nje, mchana. Jumanne akaanguka getini. Hospitali ilimtibu vizuri, hilo sitalificha, lakini figo zilikuwa zimeumia, na kampuni haikuwa na kazi ya mtu mwenye figo mbovu. Alirudishwa kwao na begi moja. Marehemu alimsindikiza mpaka kwenye gari la uwanja wa ndege, akamwambia, "Mungu yupo, kijana," kisha akarudi ndani kunyunyiza.

Nimewasikia wengi wakilaumu Ghuba, na yapo ya kulaumiwa. Lakini walinzi wetu wengi hawakuwahi hata kumwona mwenye kampuni. Waliyemwona ni mtu wa kwao, aliyejua Kiswahili chao, aliyewahi kusimama geti lile lile, na ambaye kwa sababu alilivumilia aliona kila asiyeweza ni mvivu. Mtu wa namna hiyo hutunza maua vizuri sana, wala hilo halinishangazi. Ua haliombi kubadilishiwa zamu. Halina kadi inayocheleweshwa. Likinyauka unasoma kipimajoto, unajua kosa liko wapi, na halikuangalii usoni unapolirekebisha. Upole wa aina hiyo ni ustadi wa vidole, na tumezoea kuuita utu kwa sababu picha yake hupendeza.

Kabla ya kuandika haya nilimpigia simu yule wa Mbale. Anakaa kwenye duka la dada yake, anauza soda na sabuni, kazi ya kukaa kivulini. Nilimweleza kwamba afande amefariki.

"Na nini?"

"Presha, wanasema."

"Pole kwa watoto yake." Nikasikia mteja akiulizia kiberiti, akahudumiwa. "Ile maua ilikuwa mzuri sana, eh? Mimi niliiangalia siku ile mpaka nikaijua yote. Ningeangalia nini kingine? Nyinyi wawili mlinipa mgongo. Yeye alikuwa na kile kichuma, wewe ulishika uzi."

Hakuwa na hasira. Ila mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi miaka yote hii nilikuwa nimejihesabu kuwa shahidi.

Basi wasifu nilioombwa ndio huu, na hautasomwa kanisani. Utakaposikia marehemu akisifiwa kwa mkono mpole, uliza ni nani waliosimama mlangoni kwake, na uulize pia ni nani waliokuwa ndani wakimsaidia. Sikuwa na cheo cha kumhamisha kijana yule geti. Lakini uzi ulikuwa mkononi mwangu. Ningeuachia, okidi ingeanguka, na marehemu angelazimika kugeuka.