Muuza Nyanya Anayewapigania Watoto Wageni Shuleni Bwera

Saa moja kasorobo asubuhi, mawingu bado yameuficha mlima, na Eseri Muhindo anatembea kinyumenyume. Mbele yake kuna watoto kumi na mmoja, wengine sare zimewapwaya. Anawatazama usoni huku visigino vyake vikipapasa njia ya udongo itokayo Mpondwe kwenda Bwera.

"Mwalimu akiingia?" anauliza.

"Gudi moningi, sa!" watoto wanaitikia kwa pamoja.

"Na kama ni mwanamke?"

Kitoto cha mwisho kabisa kwenye mstari kinapaza sauti: "Gudi moningi, mama!"

Eseri anacheka mpaka nusura ajikwae. "Hiyo pia ni sawa. Hakuna mwalimu atakasirika juu ya kuitwa mama."

Watoto hao ni wa familia zilizovuka mpaka kutoka pande za Beni na Butembo zikikimbia vita. Eseri, mwenye umri wa miaka arobaini na minane, si mama yao wala mwalimu wao. Ni mfanyakazi wa Darasa la Jirani, mpango mdogo ulioanzishwa na wazazi na walimu wastaafu wa Bwera. Kazi yake, kwa maneno yake mwenyewe, ni "kushika mukono ya mgeni mpaka azoee."

Asubuhi huwasindikiza wanaoanza shule. Mchana hupita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ameacha masomo na kwa nini. Jumanne na Alhamisi alasiri, kwenye ukumbi wa kanisa, wazazi huketi kwenye mabenchi wajifunze Kiingereza cha kuwatosha kusoma barua ya shule na kuzungumza na muuguzi.

Posho yake ni shilingi laki moja na themanini elfu kwa mwezi.

"Sokoni, wiki nzuri ilikuwa inanipa hiyo," anasema. "Lakini nyanya haijawahi kunisalimia barabarani."

Kwa miaka kumi na tisa Eseri aliuza nyanya na vitunguu katika soko la Mpondwe. Wateja wake wengi walitoka ng'ambo ya mto wa mpakani. Kuelewana hakukuwa taabu, maana Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule wanasikilizana kwa lugha, hata majina yao ni yale yale. Kifaransa cha kupatana bei alikiokota hapo hapo, juu ya makreti.

Korona ilipofunga mpaka, mzigo wake uliozea mikononi. Siku moja jirani yake, mwalimu mstaafu, akamwomba amsaidie kutafsiri maneno ya mama mmoja mgeni aliyekuwa akitafutia watoto shule.

"Aliniambia ni kazi ya siku moja," Eseri anakumbuka. "Hiyo siku bado haijaisha."

Anayekumbuka vizuri kuliko wote jinsi siku hiyo ilivyorefuka ni Jeanine, mshonaji nguo aliyefika Bwera miaka miwili iliyopita na binti yake Kavira, wakati huo mwenye miaka kumi na mitatu. Kule Butembo, Kavira alikuwa darasa la sita na hodari wa hesabu. Shule moja ya msingi ya Bwera ilimpa mtihani wa kumpima, wote kwa Kiingereza. Akapata sifuri, akapelekwa darasa la kwanza.

"Mutoto yangu alikuwa anarudi na kulia," Jeanine anasema, cherehani yake ikiwa imenyamaza. "Alisema, 'Mama, batoto ba pale beko badogo sana. Bananiita mama yabo.'"

Baada ya wiki tatu, Kavira aligoma kwenda. Mama yake, akiwa hana njia nyingine aliyoiona, akakubaliana na mwanamke mmoja kutoka Kasese mjini aje amchukue binti akafanye kazi za nyumbani. Mwanamke huyo angefika Jumamosi.

Eseri aligonga mlango wao siku ya Alhamisi. Alimkuta Kavira akimenya mihogo saa ambayo watoto wenzake walikuwa darasani. Akaketi kwenye kigoda, akachukua kisu cha pili, akamenya naye. Alipokwisha kusikia yote, alimgeukia Jeanine.

"Mama Kavira, nipe kesho tu."

"Kesho itabadilisha nini, Madamu?"

"Sijui. Lakini nipe."

Ijumaa asubuhi wote watatu walisimama katika darasa la tano, mbele ya Bright, mwalimu wa hesabu wa shule ile. Eseri aliomba kuiona karatasi ya mtihani. Maswali ya maneno hayakuwa na jibu hata moja. Chini yake, maswali matatu ya kugawanya yalikuwa yamejibiwa kwa mwandiko safi, na yote matatu yamepigwa mkasi mwekundu.

Eseri aliikodolea macho karatasi ile. Kisha akatabasamu.

"Mwalimu, hii mimi naijua! Wafanyabiashara wa Butembo walikuwa wanagawanya hivi juu ya maboksi yangu ya nyanya. Namba ya kugawanya wanaweka kulia, jibu wanaweka chini yake. Angalia pale chini. Jibu iko."

Bright, ambaye amefundisha kwa miaka tisa, hafichi kilichompata. "Nilikuwa nimezoea kuona jibu juu ya mstari," anasema. "Pale juu hapakuwa na kitu, nikapiga mkasi. Niliona aibu, na bado naiona."

Alimpa Kavira chaki, akaandika ubaoni: mia tisa thelathini na sita, igawanywe kwa kumi na mbili. Safari hii alimweleza kwa Lhukonzo, lugha ya Wakonzo. Binti alichora mstari wake wa kusimama, akapunguza, akashusha, akapunguza tena. Sabini na nane. Bright alizidisha pembeni kuhakikisha, akaandika swali jingine gumu zaidi. Halafu la sehemu. Halafu la eneo la shamba. Wanafunzi wa darasa la tano, waliokuwa wameketi wakitazama, walianza kumshangilia kila alipoweka chaki chini.

Jeanine alisimama mlangoni, kitenge kimeziba mdomo.

Kabla ya kengele ya saa nne, mwalimu mkuu alikuwa ameridhia: Kavira angeingia darasa la tano, na Kiingereza angefundishwa na Darasa la Jirani jioni na Jumamosi.

Yule mwanamke wa Kasese hakukosa ahadi yake. Alifika Jumamosi saa tatu, akauliza binti yuko wapi.

"Nilimuambia, 'Mutoto haiko. Ameenda kusoma Kingereza,'" Jeanine anasimulia, na cherehani inaanza tena kulia. "Nikamupa chai, akanywa, akaenda."

Leo Kavira yuko darasa la saba na anajiandaa kwa mtihani wa taifa. Shule ile, pamoja na nyingine nne za jirani, sasa humpima mtoto mgeni kwa lugha anayoielewa kabla ya kumpangia darasa. Mwaka jana watoto sitini na watatu walipita kwa njia hiyo. Bright ndiye aliyetunga maswali.

Hata hivyo, Eseri hajatulia. Familia kadhaa zimehamia Karambi, juu mlimani, kufanya vibarua kwenye mashamba ya kahawa. Alipanda huko kwa miguu mwezi uliopita, akakuta watoto ishirini na saba wasiokwenda shule. Anataka kufungua darasa la pili huko Februari, muhula mpya ukianza, na chumba kimekwishapatikana. Shida ni njia: kwa miguu ni nusu siku, kwenda na kurudi.

Ndiyo maana Jumapili hii, baada ya misa, yuko uwanja wa mpira, amekalia pikipiki kuukuu iliyotolewa na mmoja wa walimu wastaafu. Mwendesha boda mmoja, Tsongo, anamfundisha kwa sauti ya kijeshi.

"Afande, kamata klachi! Acha polepole!"

Pikipiki inaruka, inakohoa, inazimika. Mara ya nne inakubali. Eseri anauzunguka uwanja mzima, gauni la kanisani likipepea, akina mama wa darasa la Alhamisi wakipiga vigelegele. Mzunguko wa pili anapiga kelele kuuliza breki iko wapi, na anasimama ndani ya kichaka cha lantana.

Wanamkimbilia. Ananyanyuka mwenyewe, anakung'uta majani kwenye nywele.

"Madamu, pumzika kwanza," Jeanine anamsihi. "Ngoja ujue vizuri kusimamisha."

"Batoto ba Karambi beko banangoja," Eseri anamjibu, akiiga lafudhi ya Butembo ya Jeanine, na anawasha tena.