Siku Tuliyomvua Daktari Mkuu Koti

Kipande cha ini la mbuzi, kilichonunuliwa sokoni asubuhi ile, kilikuwa mbele ya leza yetu, na daktari mkuu alikuwa ameinamia skrini iliyokuwa kando yake. Akiona viini vya seli, angetupatia vipande vya wagonjwa kutoka chumba cha upasuaji. Asipoona, chumba chetu kingerudi kuwa stoo ya magodoro ya hospitali.

Kwa kawaida kipande hutiwa rangi kwanza. Sisi tulipitisha mwanga wa kijani ndani ya fuwele, ukatoka urujuanimno, ambao jicho haliuoni. Viini huumeza, sehemu nyingine za seli hung'aa. Tulitarajia madoa meusi.

Skrini ikajaa ukungu wa buluu.

Nikawaza: fuwele imepata joto? Umeme wa bwawa la Koni unayumba? Mbuzi alikuwa mgonjwa? Nilimsalimu daktari vizuri? Kisha akarudi nyuma kidogo, na ukungu ukapungua. Akainama tena, ukarudi.

Makoti yetu meupe! Huku kwetu huendi mbele ya mkubwa na koti lisilometameta, na ile sabuni ya unga inayong'arisha nguo huuchukua mwanga wetu na kuurudisha buluu. Mimi na mwenzangu tukavua yetu mbio. Likabaki la daktari.

"Mwambie, weye," nikanong'ona.

"Mwambie weye! Miye niko na bibi na batoto."

Nikatunga sentensi nne kichwani, zote za kufukuzwa. Ikatoka ya tano: "Papa Docteur, pardon, blouse yako, hii koti, inawaka sana."

Akajitazama. "Inawaka namna gani? Bibi yangu aliifua jana, yeye mwenyewe!"

"Aliifua bien sana, Papa. Hiyo njo problème."

Akanitazama juu ya miwani ya kinga, kisha akaanza kufungua vifungo, polepole, kama mtu anayevuliwa cheo. Chini yake kulikuwa na shati la kitenge lenye kuku wakubwa wa njano. Mwenzangu akageukia ukuta, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Ukungu ukatoweka. Madoa meusi, mengi, kila moja ndani ya seli yake.

"Na rangi mulitia wapi?"

"Hapana rangi, Papa. Hata kidogo."

Akafungua mlango, akawaita wauguzi wote waliokuwa kwenye korido. "Mukuje muone! Lakini muvule blouse kwanza, huko huko inje!"

Wakamtazama, yeye na kuku wake wa shati, hakuna aliyesogea. Akatugeukia. "Kesho asubuhi niko na operesheni. Mukuje kukamata kipande ya mugonjwa."

Nilitaka kujibu kwa heshima. Nikapiga vigelegele.