Ugonjwa Nilioutafuna Mwenyewe

Vijana wa karakana, mmeniita niwaambie kama kazi ya vioo ina maisha. Ina maisha, tena mazuri. Imenijengea nyumba Mazwi na imenisomeshea watoto. Lakini kazi hiyohiyo ilinifanya nisahau jina la binti yangu. Hilo ndilo nitakalolisimulia, na mnivumilie, maana mengine mpaka leo sijayaelewa.

Nilianza miaka ile ya ruksa. Kabla yake, nyumba nyingi hapa Sumbawanga zilikuwa na madirisha ya mbao. Ukifungia upepo nje, umefungia na mwanga. Biashara ilipofunguliwa, malori yakaanza kuleta vioo kutoka Mbeya, na kila aliyeuza mahindi vizuri akataka dirisha la chuma lenye kioo. Mafundi tulikuwa wachache. Mimi na rafiki yangu Wensi tulishirikiana: yeye anapima, mimi nakata, kupachika tunapachika wote.

Puti ya kushikia kioo tulitengeneza wenyewe, kwa chokaa na mafuta. Kwenye chuma ilikuwa inaachia. Fundi mmoja wa Mbeya akanionyesha unga mwekundu, ule wa rangi ya kuzuia kutu. Ukiuchanganya, puti inang'ang'ania. Ikabaki shida ya chokaa yetu, ilikuwa na mchanga. Chembe moja ikikaa chini ya kioo, upepo wa Julai ukigonga, kioo kinapasuka na wewe unaitwa tapeli. Basi nikawa namega puti kidogo, naitafuna kwa meno ya mbele. Isipokwaruza, iko tayari. Nilikuwa natema, lakini si yote. Wensi nikamfundisha hivyohivyo, na tulijiona mafundi kwelikweli.

Ugonjwa ulianzia tumboni. Tumbo lilikuwa linanisokota mpaka najikunja chini kama mtoto, halafu choo hakitoki, wiki nzima. Mdomoni nasikia ladha ya msumari. Zahanati wakanipa dawa ya malaria, baadaye ya minyoo. Nikanywa zote. Kisha kichwa kikaanza kunichanganya. Napima dirisha, nikifika nyumbani sijui nimepima nini, nakata kioo kifupi, na kioo ukishakikata huwezi kukirefusha. Siku moja nilitaka kumwita binti yangu aniletee maji, jina likanitoka. Nilimtazama tu. Yeye akadhani nimekasirika, akalia.

Mjomba akaja kuniona. Akaniuliza, "Nani anakuonea wivu?"

Nikasema sijui. Halafu nikakumbuka kwamba Wensi alikuwa ameacha kuja kazini, amehamia Chanji, mtaa mwingine wa hapa mjini, hata kuaga hakuaga.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mjomba akasema.

Hapo nikaona nimeelewa kila kitu. Nilikwenda Chanji mchana kweupe, nikasimama mlangoni kwa Wensi, nikamwita mchawi mbele ya mke wake na majirani. Alinitazama, akafunga mlango. Kule kufunga mlango nikakuchukulia kuwa ushahidi. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo nilivyofanya.

Kwa mganga walikwenda mbuzi wawili. Mkono wa kulia ukazidi kulegea, mwisho ukaning'inia kuanzia kwenye kifundo. Kuuinua siwezi, kushika kalamu ya kukatia kioo siwezi. Fundi asiye na mkono ni nini? Nilijiuliza hilo kutwa nzima.

Mke wangu ndiye aliyechoka kwanza. "Baba Flora, mbuzi wamekwisha na mkono bado unaning'inia. Kesho twende hospitali kubwa."

Daktari alikuwa mama mmoja, mpole. Kabla hajanigusa aliniuliza, "Ndugu yangu, unafanya kazi gani?" Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza vioo, puti, unga mwekundu, meno.

"Fungua mdomo."

Akavuta mdomo wangu wa chini, akamwita mke wangu atazame. Kwenye ufizi palikuwa na mstari mweusi wenye ubuluu, kama umechorwa kwa wino. "Huu unga una madini ya risasi," akasema. "Umekuwa unayala. Yameingia kwenye damu, yanaharibu neva za mkono na akili."

Sikumwamini. Niliuliza mara tatu: na Wensi je? Akasema hamjui Wensi.

Nikapelekwa Mbeya kuchomwa sindano za kuondoa sumu hiyo. Tumbo lilipona mapema, kichwa kikafuata polepole. Mkono ulichukua miezi. Asubuhi moja nilifunga kifungo cha shati kwa vidole vyangu mwenyewe, nikakaa kitandani nikalia, mke wangu akadhani nimezidiwa.

Nilipopata nguvu ya kutembea nilikwenda Chanji kuomba radhi. Wensi alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Nilipomaliza kusema akanisogezea kigoda.

"Tumbo langu lilianza kabla ya lako," akasema. "Mimi nilijua ni wewe unaniroga. Ndiyo maana nilihama."

Tulitazamana kama wajinga wawili. Kisha nikamshika kidevu, nikauvuta mdomo wake wa chini, na mstari ulikuwa pale.

Wensi naye alitibiwa, akapona, ila hapendi tena kupanda ngazi; anasema kichwa kinamzunguka. Mkono wangu haukurudi wote. Siku hizi nakata kioo kwa kushikilia kifundo kwa mkono wa kushoto, na kazi ninayo. Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu, namshukuru na yule daktari. Kwa nini tulipatana tukichanganya sumu, tukachukiana ilipotuingia? Hilo bado sijui.

Nanyi jifunzeni kazi hii, majengo hayaishi. Puti msiionje, mikono mnawe kwa sabuni kabla ya ugali. Na siku mkiugua, mtajieni daktari kazi yenu kabla hamjamtajia mtu yeyote jina la adui.